Likizo ya Mtoto kwa Baba Yake ni Kazi ya Baba

Shule za Tanzania hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na za Kenya hufuata mwezi Agosti. Likizo hizo zinapokaribia, kuna jambo linalozungumzwa nusunusu katika nyumba nyingi. Wazazi walioachana wanakubaliana kwamba mtoto wa kidato cha pili, anayekaa na mama yake Mwanza, aende likizo kwa baba yake Dar es Salaam. Kule baba ameshaoa tena. Yupo mama wa kambo, wapo watoto wawili wadogo waliozaliwa katika ndoa hii, na pengine yupo binti ambaye mama huyo alikuja naye. Nyumba ya namna hii haikosekani katika mtaa wowote. Na maandalizi yake, aghalabu, ni haya: baba anatuma nauli kwa simu, anamwambia mkewe kwamba mtoto anafika Jumamosi, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Kuanzia hapo godoro, chakula, ratiba, adabu na amani ya nyumba vinakuwa mzigo wa mama wa kambo. Nataka kusema leo kwamba mgawanyo huu wa kazi ndio unaoharibu likizo nyingi, na kwamba anayepaswa kumwandalia mtoto likizo hiyo ni baba mwenyewe, kabla basi halijaondoka Mwanza. Nasema baba kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Mama aliyeolewa tena, ambaye watoto wake wanakaa kwa baba yao au kwa bibi yao, maneno haya yanamhusu vilevile.

Nianze na sheria, maana wengi wetu tunaichukulia ziara hii kama hisani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 26, inasema kwamba wazazi wakitengana au kuachana, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi yule mwingine pale anapotaka, ili mradi masomo yake yasivurugike. Angalia haki hiyo imepewa nani. Imepewa mtoto. Kenya nayo, katika Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010, imewapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi zetu zimeuridhia, unataka mtoto aliyetenganishwa na mzazi aendelee kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kungemdhuru. Sasa, kama ni haki ya mtoto, lazima yupo anayedaiwa. Anayedaiwa ni mzazi. Mke wa pili hakuwamo katika ndoa iliyovunjika, na hakuna hukumu ya talaka iliyomkabidhi kazi hii. Anaweza kuifanya kwa upendo, na wapo wengi wanaoifanya hivyo, lakini wanamsaidia mwenye deni. Deni lenyewe halijahama.

Tutoke kwenye sheria, twende kwenye yale yaliyochunguzwa. Mwaka 1999 wanasosholojia wawili wa Marekani, Paul Amato na Joan Gilbreth, walikusanya matokeo ya tafiti 63 kuhusu akina baba wasioishi na watoto wao. Walitaka kujua ni kitu gani hasa kinachomfaa mtoto wa namna hiyo. Mtu angetarajia jibu liwe wingi wa siku: kadiri mtoto anavyomwona baba yake mara nyingi, ndivyo anavyostawi. Haikuwa hivyo. Idadi ya kuonana peke yake ilikuwa na uhusiano mdogo sana na hali ya mtoto. Vilivyokuwa na uzito ni matunzo yaliyolipwa, ukaribu wa mioyo yao, na malezi yenye upendo na mipaka pamoja: baba anayefuatilia masomo, anayesikiliza, anayesaidia, na anayekataa pale panapostahili kukataliwa. Ukiyapima matokeo hayo kwenye likizo yetu ya karibu mwezi mzima, utaona mahali tunapokosea. Mtoto anaweza kulala chini ya paa moja na baba yake usiku wote wa likizo, na asipate hata kimojawapo kati ya hivyo, kwa sababu baba anatoka alfajiri na kurudi watu wamelala, na kila anachokitaka mtoto kinapitia kwa mtu mwingine.

Utafiti wa pili unamhusu mama wa kambo. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia, alifuatilia familia zipatazo 1,400 kwa karibu miaka 30, na mwaka 2002 akatoa kitabu kilichokusanya aliyoyaona. Moja kati ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba mzazi wa kambo anayekimbilia kushika usukani wa nidhamu mapema hukutana na ukuta, na ukuta huo ni mgumu zaidi mtoto anapokuwa katika umri wa kubalehe. Patricia Papernow, aliyetumia miaka mingi kuwashauri watu wa familia za namna hii, anaelekeza vilevile: mzazi wa kambo ajenge kwanza uhusiano, na nidhamu ibaki mikononi mwa mzazi aliyemzaa mtoto. Haya yanaeleza kinachotokea usiku wa nne au wa tano wa likizo. Mama wa kambo anamwambia kijana azime simu akalale, kijana anajibu, "Wewe si mama yangu." Baba akirudi anapokea mashtaka mawili kwa wakati mmoja, la mke na la mtoto, na anaamua akiwa amechoka. Akimpendelea mke, mtoto anaona kwamba ameuzwa. Akimpendelea mtoto, mke anadhalilika mbele ya mtoto ndani ya nyumba yake. Chanzo cha yote ni kwamba agizo la simu halikutoka kwa baba. Lingetolewa na baba siku ya kwanza, mbele ya wote, mama wa kambo angekuwa anakumbusha tu neno la mwenye mtoto.

Najua atakayesema kwamba hizo ni tafiti za Wazungu. Pingamizi hilo lina uzito, na nalipokea kwa heshima. Familia za Virginia hazina shangazi wa kumwita mtoto pembeni akamweleza mambo ya utu uzima, wala bibi anayeamua ugomvi kwa neno moja. Kwetu mtoto kulelewa nyumba tofauti si jambo geni. Watoto wamekulia kwa mjomba, kwa mama mkubwa, kwa babu, wakasoma, wakaoa na kuolewa kutoka huko. Kwa nini basi mtoto ashindwe kukaa mwezi mmoja kwa baba yake mwenyewe? Jibu ni kwamba mtoto anayekwenda kwa shangazi anakuta nafasi yake imeshapangwa na ukoo tangu hajazaliwa. Anajua atamwitaje mwenyeji, binamu zake ni nani kwake, atatumwa nini na anaweza kudai nini. Akienda kwenye ndoa mpya ya baba, hakuna aliyempangia chochote. Yule mama si shangazi. Yule binti wa rika lake si dada yake wa damu wala si jirani. Wadogo zake wanamfahamu kwa jina tu, au hawamfahamu kabisa. Utamaduni wetu una hazina kubwa ya malezi, lakini kwa nyumba hii umetuachia hadithi za mama wa kambo mkatili, na hadithi hizo zinamhukumu mwanamke huyo kabla mtoto hajashuka kwenye basi. Kwa hiyo nafasi ambayo ukoo haukuipanga, mtu lazima aipange, na mtu huyo ni yule mtu mzima pekee anayeziunganisha pande zote mbili za nyumba, yaani baba.

Nafasi ninayoisema si nadharia. Tuanze na mahali pa kulala, kwa sababu hapo ndipo kijana anaposoma hadhi yake nyumbani kabla hajaambiwa lolote. Kwa mpangaji wa chumba na sebule, au hata wa vyumba viwili, kijana atalala sebuleni, na mimi sina ugomvi na sebule. Umaskini wa nafasi si kosa la mtu. Ila tazama anavyolala huyo anayelazwa sebuleni bila kupangiwa. Godoro limesimamishwa nyuma ya kochi. Haliwezi kulazwa mpaka mtu wa mwisho azime televisheni, na mtu huyo wa mwisho huenda ni mgeni wa baba aliyenogewa na mpira mpaka saa tano na nusu usiku. Chandarua hakina pa kufungwa, basi anajifunika shuka mpaka kichwani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri fagio limeshafika pembeni mwa godoro, kwa kuwa sebule lazima iwe safi kabla watu hawajatoka. Begi lake limewekwa chini ya meza, na kila anapotaka nguo anainama mbele ya watu. Mchana akisinzia, anaambiwa ni mvivu, kwao hakufundishwa kazi. Hakuna aliyemnyanyasa, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kijana huyu ameelezwa kila saa ya siku kwamba yupo hapa kwa kuazima.

Na hilo la usingizi lina elimu yake. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na watafiti wengine, wameonyesha kwamba mtu anapobalehe saa ya mwili wake inasogea mbele. Usingizi unamjia kwa kuchelewa usiku, na mwili unataka kuamka kwa kuchelewa asubuhi. Kijana wa miaka 15 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10. Anayelala akiwa wa mwisho na kuamshwa akiwa wa kwanza hapati hata saa 6, na mtu asiyelala hukasirika upesi, huwa mzito wa kujibu, hununa. Mengi tunayoyaita kiburi cha watoto wa likizo ni usingizi uliokosekana. Baba anayejiandaa atafanya mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Atapiga misumari minne ya chandarua. Atatafuta droo moja au sanduku lenye kufuli, aseme hili ni la mwanangu, hata asipokuwepo lisiwekwe kitu kingine. Atatangaza kwamba sebule inafungwa saa nne usiku kwa muda wote wa likizo, na wageni wake atawaomba radhi yeye mwenyewe. Mama wa kambo hawezi kuwafukuza marafiki wa mumewe. Mume anaweza.

Lipo jambo jingine katika ulalaji ambalo tunaliepuka kwa aibu, na kuliepuka huko kuna gharama. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizo hazimtuhumu yeyote katika nyumba yako. Zinatuonya tu kwamba kumlaza binti wa miaka 14 chumba kimoja na kijana ambaye hawakukua pamoja, kwa kisingizio kwamba sasa ni ndugu, au kumwachia mjomba anayepita njia alale sebule ileile anayolala mtoto, ni uzembe. Kupanga nani analala wapi na nani, mlango upi una komeo, bafu linatumiwaje, ni kazi ya kufanywa kabla, na ifanywe na baba pamoja na mkewe wakiwa wawili, bila kungoja mtoto ajitetee mwenyewe. Na binti apewe mkononi, siku anayofika, fedha ya taulo za kike na mahitaji yake, ili asilazimike kuomba jambo la faragha kwa mtu aliyemfahamu jana.

Fedha sasa. Hapa ndipo ndoa nyingi za pili zinapoumia, na mtoto anabeba lawama isiyo yake. Baba wengi huwaficha wake zao gharama za watoto wa ndoa ya kwanza. Ada inalipwa kimyakimya, nauli inatoka kwenye fedha ambayo mke haijui, viatu vinanunuliwa mjini na kuambiwa vimetoka kwa rafiki. Mume anadhani analinda amani. Kisha mke anaona ujumbe wa malipo kwenye simu, na tangu siku hiyo kila mtoto wa mumewe anapopiga hodi anamwona kama anayekuja kuchukua. Hofu hiyo inakwenda mbali zaidi ya viatu. Inafika kwenye kiwanja, kwenye nyumba, kwenye mirathi, kwenye swali la watoto wake mwenyewe watabaki na nini. Haifai kuidharau hofu ya mwanamke anayejenga maisha juu ya ndoa. Dawa yake ni baba kukaa na mkewe wiki kadhaa kabla ya likizo na kutaja kiasi: nauli ni hii, ya matumizi ni hii, vifaa vya shule vya muhula ujao ni hivi, na bajeti ya jikoni inaongezwa kiasi hiki kwa sababu ameongezeka mtu anayekula kama mtu mzima. Kijana wa kiume wa miaka 16 anaweza kula kuliko baba yake. Mama wa nyumba anayeachiwa fedha ileile ya jikoni, huku mdomo umeongezeka, atapunguza sahani mahali fulani, na sahani itakayopunguzwa itaonekana.

Wahenga wametuachia neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima kwa wageni, na matatizo mengi ya likizo hizi yanatokana na kulitumia kwa mtoto wa nyumbani. Siku mbili za mwanzo kuna wali na kuku, soda mezani, wadogo zake wanaambiwa wampishe kaka. Siku ya tatu ukarimu umekwisha, na jembe linakuja lote kwa mpigo: maji yachote yeye, vyombo aoshe yeye, mtoto mdogo ambebe yeye, kwani si amekuja kupumzika tu? Mtoto wa nyumbani hastahili kutendewa yote mawili. Hastahili kuku wa mgeni, wala hastahili jembe la kibarua. Anastahili kazi zake zitajwe kabla hajafika, ziwe sawa na za wenzake wa rika lake waliomo, na baba ndiye azitaje. Kama binti wa mama wa kambo anaosha vyombo vya mchana, huyu aoshe vya usiku. Kwa njia hiyo hiyo litatuliwe suala la atamwitaje mke wa baba. Mama mdogo, anti, au mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, yote ni majina ya heshima. Baba amuulize mtoto, amuulize mkewe, wakubaliane. Kumlazimisha kijana aseme "mama" siku ya kwanza ni kumtaka amsaliti aliyemzaa.

Na aliyemzaa naye ana sehemu yake. Mwaka 1991 Christy Buchanan, Eleanor Maccoby na Sanford Dornbusch, waliofanya utafiti California kwa vijana zaidi ya 500 ambao wazazi wao waliachana, waliona kwamba vijana waliojihisi wamebanwa katikati ya wazazi ndio walioelemewa zaidi na huzuni na mwenendo mbaya, na kubanwa huko kulitokana na uhasama na ukosefu wa maelewano kati ya wazazi. Mtoto anabanwa kwa mambo madogo sana. Mama anamwambia, "Mkumbushe baba yako ada." Baba naye anamuuliza mezani, "Huyo anayekuja pale kwenu ni nani?" Kwa hiyo sehemu ya maandalizi ni simu moja kati ya watu wazima wawili walioachana, fupi, isiyo na mashauri ya zamani: anafika lini, anarudi lini, anatumia dawa gani, ana mtihani gani. Aliye kidato cha nne ana mtihani wa taifa mwezi Novemba, na likizo yake haiwezi kupangwa kama ya mwenzake wa kidato cha kwanza. Imani nayo izungumzwe hapo. Mtoto aliyekuzwa kanisani akija kwenye nyumba ya Waislamu, au kinyume chake, aelezwe mapema kuhusu ibada na chakula, na asigeuzwe uwanja wa kushindania.

Baba mmoja atajibu kwamba yeye ni dereva wa masafa, au ana duka Kariakoo, na asipotoka hakuna atakayekula. Ni kweli, na sitaki kumwongezea mtu dhambi kwa kutafuta riziki. Lakini angalia kazi nilizozitaja: misumari ya chandarua, mazungumzo na mke kuhusu fedha, simu kwa mzazi mwenzake, sheria za nyumba zitamkwe mbele ya wote. Zote zinamalizika kabla ya mtoto kufika au siku ileile anayofika, na hakuna inayomtaka afunge duka. Wakati wa likizo yenyewe, baba mwenye duka anaweza kumchukua mtoto dukani siku mbili kwa wiki, wakala pamoja, wakahesabu mauzo pamoja. Ukaribu waliouona Amato na Gilbreth hauhitaji matembezi ya ufukweni. Unahitaji baba awe yeye mwenyewe anayeshughulika na mtoto wake, hata kama shughuli ni kupanga maboksi.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni la wanaosema kwamba yote haya ni kumdekeza mtoto. Kwetu, wanasema, mtoto haulizwi atalala wapi wala anataka kumwitaje nani. Anaambiwa, na kwa kuambiwa anafundishwa unyenyekevu. Nakubali kwamba mtoto asiyeambiwa neno anaharibika. Lakini Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haikusema kwamba aamue yeye. Na tukiacha sheria, tazama alivyofikishwa hapa. Hakuulizwa wazazi wake walipoachana. Hakuulizwa baba alipooa. Huenda habari za mdogo wake kuzaliwa alizipata kwa shangazi. Kijana aliyeamuliwa mambo makubwa kiasi hicho, akiulizwa likizo hii kama angependa kwanza kwenda kumsalimia bibi wiki moja, hadekezwi. Anarudishiwa kidogo tu cha kile alichonyimwa. Tena mwenye uzoefu wa kulea vijana anajua kwamba kanuni aliyoisikia na kuijibu huishika kuliko aliyoikuta imebandikwa.

Atakayefanya yote haya bado anaweza kumpokea kijana aliyenuna, anayejibu kwa "ndiyo" na "hapana", anayekaa na simu yake siku nzima. Asikate tamaa, na asimgeukie mkewe kutafuta wa kulaumiwa. Familia hizi zinachukua miaka kutulia, Hetherington na Papernow wanakubaliana katika hilo, na mtoto anayekuja mara moja au mbili kwa mwaka anahitaji muda mrefu zaidi kwa sababu kila likizo anaanza karibu na pale alipoanzia. Kinachopimwa katika likizo ya kwanza si furaha. Ni kama mtoto ameondoka akijua kwamba sanduku lake lipo, kwamba mambo yake ayapeleke kwa baba na si kwa mtu wa kati, na kwamba mama wa nyumba ile hakuwa askari wake. Mama wa kambo naye apewe nafasi ya kuwa mtu wa kheri kwa kadiri yake, kwa kupika naye, kwa kumchekea, kwa kumsuka nywele kama anataka kusukwa, bila mzigo wa kuwa mzazi wa mtoto ambaye mzazi wake yuko hai na anaishi nyumba ileile.

Kwa hiyo, baba unayenisikiliza, usitume nauli kwanza. Kaa na mkeo usiku wa leo mtaje fedha na mahali pa kulala, kesho mpigie mama wa mtoto mpange tarehe, kisha umpigie mtoto mwenyewe, umwambie utampokea wewe Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na siku hiyo uende.